Rakuni wa Chumba cha Chini

Itangazwe rasmi kwamba Wade, bingwa wa mizaha Oklahoma nzima, haogopi binadamu yeyote. Ila sasa alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la matufaha, katika chumba cha chini ya nyumba.

Alikuwa amekwaruza ukuta kama rakuni, yule mnyama mdogo anayeiba chakula usiku, ili amtishe bibi yake. Mwanga mweupe ukaanza kushuka ngazi.

Aliijua tochi ile. Bibi aliichagua ndogo kama kiberiti, ikae vizuri chini ya mtutu wa bastola. Inapomulika, ndipo risasi inapoelekea.

Mwanga ukatua kifuani mwake.

"Bibi, usipige! Rakuni ni mimi! Hata mayai kwenye nyumba ya mchungaji niliyarusha mimi!"

Bibi akainua tochi. Ilikuwa peke yake kiganjani.

"Bastola nimeiacha juu. Viatu vyako viko mlangoni, bwana rakuni." Akamsogelea. "Mayai gani?"