Picha ya Kwanza

Mwalimu Idarus alitia komeo mlango wa chumba, akajipangusa ufizi wa juu na wa chini kwa kijiti cha kipimo, akakichovya kwenye kichupa, kisha akaikodolea macho saa ya ukutani. Dakika ishirini. Nje mkewe, Bi Saadiya, alikuwa akimwita aje anywe uji.

"Naja!" Sauti ilimtoka nyembamba, mwenyewe akaistaajabia.

Miaka minne alisomesha kisiwani Ngazija, na huko akaoa kwa siri. Mke yule alikufa kwa ukimwi. Tangu arudi kwao Langoni, wiki tatu sasa, Mwalimu alisingizia mgongo, akalala kitanda cha peke yake asije akamgusa Saadiya. Jamani, mwanamke aliyemsubiri miaka yote hiyo! Moyo ulimuuma.

Jana alijikaza akaenda kwa Rael, muuguzi wa zahanati, mtu wa bara, akapewa kipimo cha kujipima nyumbani.

"Kuna karatasi ya picha ndani," Rael alimwambia. "Ikifanana na picha ya kwanza, unavyo virusi. Ya pili, huna. Ikiwa ya kwanza, njoo nikupime tena. Dawa zipo."

Dakika zikatimia. Herufi za Kizungu hakuzijua, vitabu vyake vyote ni vya Kiarabu, lakini picha ni picha. Akakiweka kipimo juu ya karatasi.

Ya kwanza. Innalillahi! Ya kwanza, sawasawa.

Akimwambia mkewe, mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri. Akinyamaza, atamuua. Akimpa talaka moja, atamlilia amrejee, naye hatakuwa na uso wa kukataa. Tatu hazina marejeo.

Akafungua mlango.

"Saadiya, nimekuata. Talaka tatu."

Bakuli la uji likamponyoka. "Nimekukosani, Mwalimu? Nimekukosani?"

Mwalimu alishika njia ya zahanati, kipimo mfukoni, machozi yakimtiririka ndevuni, watu wakimwamkia asiitikie.

Rael alikitazama kipimo, uso ukamkunjuka. "Alhamdulillahi, si ndivyo mnavyosema? Huna kitu, Mwalimu."

"Ni ya kwanza," Idarus akasema, akaweka kidole juu ya picha ya kulia.

"Hiyo ni ya pili." Rael akakishika kidole kile, akakihamishia kushoto. "Tunaanzia huku. Haya, kimbia nyumbani ukamwambie mkeo."