Sonata Hurudi Nyumbani

Walburga alivificha viatu vya mumewe nyuma ya jiko, kisha akaifungia kabatini fimbo yake ya kutembelea. Daktari alikuwa amesema bila kumung'unya maneno.

"Asikanyage chini, Bi Zwirner. Hata kwa haja ndogo. Akisimama tu, moyo utazima kama mshumaa. Lakini akitulia mpaka Pasaka, huyu atatuzika sisi sote."

"Atatuzika sote," alirudia Walburga.

"Mpigie piano. Muziki wake mwenyewe utamtuliza."

"Huyo?" mzee Anselm alinguruma kutoka chumbani. "Afadhali mniletee paka atembee juu ya piano!"

Daktari alicheka. Vienna nzima iliujua ulimi wa Anselm Zwirner, na ikamsamehe kwa ajili ya sonata zake, zile tungo ndefu za piano alizozitunga. Ilijua pia wazimu wake mmoja: hakuvumilia muziki ulioachwa njiani. Siku moja mwanafunzi alikatiza kipande kabla ya noti ya mwisho, na mzee akachomoka kwenye pipa la kuogea, uchi wa mnyama, akichuruzika maji mbele ya wageni. Aliibonyeza noti ile mwenyewe, ndipo akarudi kuoga.

"Sonata huondoka nyumbani," aliwafundisha wanafunzi, "ikazurure ugenini, igombane, ilie. Lakini isiporudi nyumbani, mimi silali."

Walburga naye alikuwa mpigaji hodari enzi za usichana. Wiki ya harusi alikosea noti moja, mumewe akaubamiza mfuniko wa piano juu ya mkono wake, na vidole viwili vya kushoto vilibaki vimepinda. Hata hivyo anampenda, majirani walisema. Kama si mapenzi, ni nini kumlisha mtu mchuzi kwa kijiko huku anakutukana?

Daktari alipoondoka, Walburga alimtuma mjakazi sokoni akanunue samaki. Akamfunika mumewe vizuri, akauacha mlango wazi ili asikie.

"Ukikosea nitajua, bata wewe."

"Najua, mume wangu. Wewe lala tu."

Alimpigia sonata ile ambayo mzee aliipenda kuliko zote. Sehemu ya kwanza ilicheka, ya pili ililia polepole, na vidole vilivyopinda havikukosea popote. Chumbani kulikuwa kimya. Labda mzee alikuwa akitokwa na machozi, kwa maana ilikuwa nzuri kweli. Sehemu ya tatu ilikimbia kwa furaha, ikaiona nyumba kwa mbali, ikapanda ngazi, ikashika kitasa cha mlango.

Hapo Walburga aliinua mikono, akaiweka mapajani.

"Malizia!" Sauti ilikuwa ya mtu anayekabwa koo. "Walburga! Malizia, mwanamke wewe!"

Walburga alikaa akisikiliza, mpaka kitanda kikalia na nyayo tupu zikagusa sakafu.