Mashati Yasiyokuwamo

Mwongoza shughuli alimwita mara ya tatu ndipo akainuka. Ukumbi wa sinema ulikuwa umefurika. Watu walikuja kumkumbuka mhakiki wa filamu ambaye mji mzima ulimwita Mama Sinema, na kila mmoja alitaka kumsikia mwanafunzi wake kipenzi.

Mwanafunzi huyo alisema tu kwamba marehemu ndiye aliyemfundisha kazi, kisha akashuka jukwaani. Watu wakampigia makofi, wakidhani kilio kimemkaba koo. Hakikuwa kilio. Ilikuwa aibu.

Walipofahamiana yeye alikuwa mpiga chapa wa gazeti, kazi yake kuchapa makala kwa taipureta. Siku moja Mama Sinema alimkuta amesimamisha mashine, anacheka peke yake juu ya makala aliyopewa aichape. Akamuuliza kimemchekesha nini. Alipoelezwa, akavuta kiti akakaa. Tangu hapo wakawa wanakwenda sinema pamoja kila Alhamisi mchana, na mpiga chapa akafundishwa kutazama: mikono ya mwigizaji kabla ya uso wake, mlango kabla ya anayeingia.

Halafu macho ya Mama Sinema yakaingia ukungu. Ofisini hakuna aliyejua ila mpiga chapa. Alimshika mkono kwenye ngazi, akamnong'oneza kila kilichopita kwenye skrini, na kesho yake mama akatamka makala naye akaichapa. Mama akaanza kumwita Macho.

Mambo yalikwenda hivyo miaka miwili. Kisha ikaja filamu ya mdogo wake mpiga chapa.

Kitindamimba huyo aliitengeneza kwa miaka minne, sebuleni kwa wazazi wao, na baba yao alikuwa amemsihi dada mtu asije akamwangusha mwenzake. Filamu ilikuwa mbovu. Waigizaji walipayuka tu, na mwisho wake ulikatika ghafla kama umeme. Dada mtu akaona haya kuusimulia. Akabuni mwingine: mwanamke anakunja mashati ya mwanawe anayehama nyumbani, anayapanga sandukuni, kisha anachomoa moja na kulificha chini ya mto wake.

Mama Sinema alikuwa amemgeukia yeye.

"Mashati ya rangi gani, Macho?"

"Meupe."

Mama akamfinya mkono kidogo.

Jumapili makala ikatoka, ikiyasifu mashati meupe kuliko kitu kingine chochote. Watu wakaenda kuyatafuta, wasiyaone. Barua zikamiminika gazetini. Wengine waliuliza kama bibi huyo bado anakwenda sinema au anaziota tu nyumbani. Mhariri akamwita ofisini kwake, na mpiga chapa, upande wa pili wa ukuta wa mbao, akasikia kila neno.

"Nimechanganya filamu mbili," Mama Sinema alisema. "Ndio umri huo, mwanangu."

Mpiga chapa angeweza kuusukuma mlango. Ni hatua sita tu. Badala yake aliendelea kuchapa, tena kwa nguvu, ili asisikie zaidi.

Ndivyo safu ya miaka ishirini na sita ilivyokatwa. Wiki iliyofuata mhariri akampa yeye ukurasa huo, naye akaupokea. Wa kwanza kumpongeza alikuwa Mama Sinema. Wakaendelea na Alhamisi zao mpaka mama alipolazwa, na mwaka huo mzima mpiga chapa alimwacha mwanamke aliyemfanya kuwa mtu aamini kwamba akili imeanza kumtoka.

Sasa, baada ya kushuka jukwaani, alimfuata binti wa marehemu kwenye chumba cha nyuma, alikokuwa akipanga vikombe. Akafunga mlango, akamweleza yote: macho waliyoyaficha, filamu ya mdogo wake, mwisho aliobuni, ukuta wa mbao. Hakujitetea. Alimwambia yuko tayari kurudi jukwaani akayaseme mbele ya watu wote, maana mama yake amezikwa na aibu isiyokuwa yake.

Binti aliweka kikombe chini, akamtazama bila hasira.

"Dada, mama alipasuliwa macho miezi saba kabla ya filamu ile. Aliiona yote," akasema. "Alinikataza nisikwambie. Alihofia ukijua anaona, hutakuja tena kukaa naye."