Magonjwa ya Mzee Chuma

Uliwaona wagonjwa kwenye dirisha la dawa. Waliambiwa bei, wakarudisha cheti mfukoni, wakaondoka. Ukageuza uso. Usikane, tulikuona. Nchi nyingi zina sheria hiyo ya kulipia dawa, na kila moja imeipa jina la adabu: mgonjwa achangie. Hapa anachangia nusu ya bei. Aliyevuka miaka sabini tu ndiye asiyetoa kitu.

Ndiyo maana Mzee Chuma, fundi bomba mstaafu asiyejua hata mafua, alikuwa na presha, kisukari, kifafa na pumu. Presha ilikuwa ya jirani wa kushoto, kisukari cha jirani wa kulia, kifafa cha shemeji yake. Pumu ilikuwa ya mjukuu wake. Daktari wa zahanati hakuwa na muda wa kuinua kichwa; aliandika alichoambiwa.

Asubuhi hiyo mkaguzi wa dawa akapiga hodi. Kadi moja ya msamaha wa malipo ilikuwa inakula dawa za watu wanne, na mzee mwenyewe alikuwa juu ya paa anafunga tangi.

"Baba, shuka!" mkaza mwanawe alimnong'oneza kutoka uani. "Shuka huku unakohoa!"

Alishuka akikohoa. Mkaguzi alikuwa ameshaketi, kadi ya mzee mkononi. Ikienda hiyo, na pampu ya pumu ya mjukuu imekwenda.

"Shikamoo, mzee. Pole na maradhi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshayazoea."

"Kifafa kilianza lini?"

"Jumanne."

"Jumanne ya zamani," mkaza mwana akadakia.

Mkaguzi hakucheka. "Na kisukari?"

"Hicho kilihamia hapa mwaka juzi, na vyombo vyake vyote."

"Anatania," mkaza mwana akasema. "Sukari ikipanda huwa anatania."

Mkaguzi akasogeza kiti. "Shingo je, haivimbi?"

Mzee akaunusa mtego. "Haivimbi."

"Moyo hauendi mbio? Jasho? Mikono kutetemeka?"

"Hakuna kitu kama hicho. Tusisingiziane."

"Una hakika, mzee? Fikiri vizuri."

Mzee akafungua kola, akamnyooshea shingo yote, kavu, ngumu kama gogo. Mkaza mwana alisimama kando ya mlango amemkumbatia mtoto.

Mkaguzi aliitazama shingo ile. Kisha akainuka, akachungulia nje, akafunga mlango kwa komeo. Akairudisha kadi mezani.

"Kesho ukienda zahanati, mzee wangu, shingo ivimbe. Mke wangu anamaliza dawa yake ya tezi ya shingo Ijumaa."

Na wewe, inuka sasa hivi ukapige kelele sheria hii ifutwe, kabla Mzee Chuma hajaanza kuumwa ugonjwa wako.