Nilisema Siku Kumi

Siku hizi ukitaja siku za kumaliza programu, zinarekodiwa. Zikipita, mlango wa nyumba yako haukufungulii mpaka umalize kazi. Mimi nilitaka kusema arobaini. Meneja wetu, Kisanga, akaguna: "Mama Tunu, mteja atakimbia. Wewe sema kumi." Nikasema kumi, mjinga mimi!

Leo ni siku ya ishirini na sita, naandika programu barazani kwangu kama mgeni. Kisanga yuko kwake anakula pilau, kwa sababu mbele ya mteja mdomo wake haukutaja namba yoyote.

Tunu, mwanangu wa miaka minne aliye ndani na bibi yake, akabandika uso dirishani. "Mama, utaingia lini?"

Taa ya mlango ikawaka, tayari kurekodi siku nitakayotaja. Nikauma meno, nikamgeuzia mwanangu mgongo.