Mpangaji wa Makole

"Dar usiende," Mzee Silvano alisema, akikaa kwenye kibaraza cha Lea kwa asubuhi ya tano mfululizo. "Dar unalipia chumba, unalipia na joto lake."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbeya nako baridi, mshahara wote unaishia kwenye mablanketi. Lakini Mwanza! Mwanza, mwanangu..."

Mzee hakuwa na shida na Dar wala Mbeya. Shida yake ilikuwa chumba cha Lea. Alikuja Dodoma kujiuguza mguu kwa bintiye, nyumba ya pili tu kutoka hapo, na wiki ya tatu sasa alikuwa analala sebuleni kwa mkwewe, Damas. Mkwe akitaka kupita kwenda chooni, anakohoa kwanza. Mzee naye akitaka kugeuka, anakohoa. Nyumba nzima ikawa kama wodi ya kifua. Mtu mwenye heshima zake hawezi kuzeekea kwenye kochi la mkwe, na Makole yote vyumba vilishajaa wanafunzi na watumishi wa serikali. Kilichobaki ni kumhamisha mtu.

"Hapa unalipa ngapi?"

"Laki kwa mwezi. Miezi sita mbele."

"Laki! Mwanza kwa laki unapata viwili, na ziwa unaliona dirishani."

"Na kazi?" Lea aliuliza. Alikuwa akichapa barua za watu kwenye duka la fotokopi, kibarua cha siku kwa siku.

"Hapa nchi nzima inakuja kufanya usaili. Nafasi tatu, watu elfu mbili, wote na suti. Kule kuna viwanda vya samaki, kuna mahoteli. Msichana anayejua kompyuta wanampokea stendi."

Lea alicheka. "Kutoka stendi ya Nyegezi hadi Mwanza mjini ni mbali?"

"Pua na mdomo! Unatembea huku unapunga upepo."

"Mh. Lakini hapa nimeshazoea, babu. Halafu imebaki miezi mitano ya kodi niliyokwisha lipa, na mama mwenye nyumba akishaipokea hairudishi."

"Hiyo nakulipa mimi. Yote."

Lea akainama, akachezea kandambili yake.

"Na elfu hamsini ya nauli."

"Ngoja nifikirie."

"Themanini!"

Siku ya tatu yake Lea alifunga mzigo. Mzee mwenyewe alimbebea begi hadi kwenye bajaji, mguu unauma, moyo unacheka. Lakini kufika barabarani moyo ukaanza kumsuta. Binti wa watu, anakwenda kuanza maisha kwa maneno ya mzee asiye na kitanda.

"Mwanangu, nisamehe," akasema. "Mimi Mwanza nilipita mara moja tu, nikiwa utingo wa lori, na nilikuwa nimelala. Nilikuwa nakitaka chumba. Ukitaka kurudi, rudi. Hela utanipa ukipata."

Lea alimshika mkono, akacheka mpaka dereva wa bajaji akageuka.

"Babu, kazi ya Mwanza niliipata mwezi uliopita, naanza Jumatatu. Hicho chumba wamekuja kukiona watu wanne, wote wakaomba niwapunguzie. Wewe peke yako ndiye uliyeongeza."