Jemadari na Kikombe cha Brashi

Picha za jeshi jipya la wanasesere zilipotokea kwenye simu ya kinyozi, wacheza vita vya mezani, mchezo wa kupiganisha askari wa plastiki, wote walipiga mayowe. Askari wenye mabawa! Mshonaji peke yake hakuinua kichwa. Alikuwa anampaka rangi jemadari wake wa plastiki, mdogo kama kidole gumba, pua imelika kwa vita vya miaka.

"Dada, askari wako hao wa zamani basi tena," kinyozi alisema. "Kampuni imeshawazika, haiwatengenezi tena. Nunua wenye mabawa kama wenzio."

"Si ndio hao hao waliokutoa jasho juzi?"

"Juzi si leo. Watupe tu."

Wote wakaangua kicheko. Hasira zikampanda mshonaji, akanyakua kikombe anywe chai, akapiga funda kubwa.

Haikuwa chai. Yalikuwa maji ya buluu ya kusuuzia brashi, na kila mtu aliona.

Kicheko kilikatika. Wakangoja ateme.

Akameza. Akamsimamisha jemadari katikati ya meza, rangi bado mbichi, kisha akamkenulia kinyozi meno ya buluu.

"Imekosa sukari tu," alisema. "Haya, walete hao wenye mabawa."